Upepo wa matairi mapana ya baiskeli ya resi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waendeshaji wa Mtwara na Lindi

Kila tukikutana alfajiri Shangani kabla ya kutoka kwenda Mikindani lazima atokee mtu abonyeze tairi langu kwa kidole gumba aseme kaka hili limeisha upepo, tutafute pampu. Halijaisha. Ni la milimita 32, mbele lina psi 50 nyuma 55, na nimelipima mwenyewe kabla sijatoka nyumbani. Maswali ya hapa chini ndo yaleyale nayojibu kila wiki, nimeyapanga kuanzia ya mwanzo mpaka yale ya pembeni, na pale jibu likiwa limeshatolewa juu nitakuelekeza tu urudi huko.

## Ya mwanzo kabisa

Ubavuni mwa tairi pameandikwa psi 115, si ndo nijaze hiyohiyo?

Hapana. Hiyo ni kikomo, sio kipimo cha kujazia. Kiwanda hakijui kama wewe una kilo 55 au 95, hakijui kama unapita lami laini au njia ya vumbi, kimekwambia tu usivuke hapo. Mengine yameandikwa namba mbili, ya chini na ya juu, na ile ya chini nayo iheshimu maana chini ya hapo tairi linaanza kucheza kwenye rimu. Kama rimu nayo ina kikomo chake basi kikomo chako wewe ni ile namba ndogo kati ya hizo mbili.

Psi na bar zinanichanganya, tofauti yake nini?

Vipimo viwili vya kitu kimoja, presha ya upepo ndani ya tairi. Bar 1 ni psi 14.5, kwa hiyo bar 4 ni psi 58 na bar 7 ni kama psi 101. Humu natumia psi tupu maana ndo wanayoongea mafundi wetu wa magari, ukimwambia weka psi 32 anakuelewa.

Kwa nini tairi pana linataka upepo mdogo kuliko jembamba? Si lina nafasi kubwa, lingetaka mwingi?

Hapa watu wanachanganya ujazo na presha. Ni kweli tairi pana linaingiza hewa nyingi zaidi, utapiga pampu mara nyingi zaidi kufika namba ileile, ila namba yenyewe inatakiwa iwe ndogo.

Kinachokaza ngozi ya tairi sio presha peke yake, ni presha mara upana. Chukua tairi la milimita 25 lenye psi 80 na la milimita 32 lenye psi 62, ukizidisha unapata karibu sawa, maana yake ngozi zao zimekazwa sawasawa. Sasa wewe ukichukua ile 80 ya tairi jembamba ukaipeleka kwenye la 32 umelikaza kupita kiasi, linakuwa gumu kama gogo, na rimu nayo inabeba nguvu kubwa zaidi ya kusukumwa kwenda nje. Alafu tairi pana lina kimo, kuna nafasi ndefu zaidi kati ya barabara na rimu, kwa hiyo linaweza kubonyea milimita kadhaa bila rimu kugonga chini. Ndo maana kwenye matumizi ya kweli tunashuka hata chini ya hiyo 62.

Lakini upepo mdogo si utanifanya niwe mzito, wenzangu waniache?

Hili ndo swali linaloniuma kuliko yote kwa sababu mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi, najaza mpaka tairi linalia kama chuma, narudi nyumbani mikono imekufa ganzi na mgongo unauma na naamini nimekuwa mwepesi kwa sababu baiskeli inatetemeka. Mtetemo unadanganya, unaufanya mwili uhisi spidi ambayo haipo.

Kwenye sakafu laini kabisa kama kioo, ndiyo, ukiongeza upepo tairi linabingirika kirahisi zaidi. Barabara sio kioo. Kila kokoto na kila kiraka cha lami kinafanya moja kati ya mambo mawili, aidha tairi linakimeza au wewe na baiskeli mnainuliwa mnapita juu yake. Mkiinuliwa, hiyo nguvu ya kuinua imetoka miguuni kwako, na ule mtikisiko unaoingia kwenye nyama za mapaja na mabega unageuka joto na kupotea, hairudi tena kwenye pedali. Kwa hiyo kuna namba fulani ambayo mpaka hapo kuongeza upepo kunasaidia, ukiivuka tu unaanza kupoteza, tena kuivuka kwa psi 10 kunakugharimu zaidi kuliko kuwa chini yake kwa psi 10. Barabara ikiwa mbaya hiyo namba inashuka.

Wale wa Tour de France zamani walikuwa na matairi ya milimita 23 na psi zaidi ya 100, saivi milimita 28 na kuendelea ni kitu cha kawaida kabisa kwao, na kwenye Paris–Roubaix yenye barabara za mawe wanaenda 30 na zaidi. Hao wanalipwa kwa kuwahi, wasingepanua matairi kama yangewachelewesha.

Na kitu kingine, ukiwa unarudi kutoka Lindi kuja Mtwara kipindi cha kusi ule upepo unaokupiga usoni ndo unaokuchelewesha, psi 10 za ziada kwenye tairi hazitakusaidia chochote hapo.

## Kupata namba yako

Nianzie namba ngapi?

Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli na chupa za maji kama kilo 10, jumla 80, matairi yenye tyubu, lami ya kawaida. Tairi la milimita 25 aanze na psi 80 mbele na 86 nyuma. La 28 aanze na 65 mbele na 71 nyuma. La 32 ni 51 na 56. La 35 ni 43 na 48, na ukifika 40 uko kwenye 35 na 39. Uzito ukiongezeka au kupungua kilo 5, ongeza au punguza kama psi 3 au 4 kwenye matairi ya 28 na 32, kwa yale mapana zaidi 2 zinatosha.

Hizi ni za kuanzia, narudia, za kuanzia, usije ukaziandika kwenye fremu kwa rangi. Panda nazo wiki moja kwenye njia yako, alafu shusha psi 3 kila tairi, panda tena njia ileile, ukifika mahali baiskeli inaanza kuyumba kwenye kona au rimu inagusa kwenye shimo rudisha 3 juu. Hapo ndo pako.

Mbele na nyuma niweke sawa?

Usiweke sawa. Ukikaa kwenye siti nyuma panabeba kama asilimia 55 ya uzito na mbele 45, na ukikaa wima zaidi nyuma panazidi kuelemewa. Tairi la mbele likiwa na upepo wa nyuma linadunda, na mbele ndo unapogeuzia na ndo breki kubwa ilipo, kwa hiyo linalodunda mbele ndo litakaloachia kwenye kona yenye mchanga. Tofauti ya psi 5 au 6 inatosha kwa wengi.

Tairi limeandikwa 28 lakini nikipima napata 30, nifuate ipi?

Fuata uliyopima. Maandishi ni jina tu, upana wa kweli unategemea rimu umekaa juu yake. Rimu za zamani kwa ndani zilikuwa kama milimita 13 mpaka 15, za saivi zinafika 19, 21, 23, na kila milimita moja ya rimu inapanua tairi kwa karibu nusu milimita. Tafuta mtu mwenye venia, kile kipimo cha kubana, mafundi wa kuchonga vyuma wanazo, pima tairi likiwa limejaa na limekaa siku moja maana jipya linatanuka kidogo. Ukipata 30 tafuta katikati ya namba zangu za 28 na 32.

Ukiwa na venia hapohapo angalia na nafasi kati ya tairi na fremu na breki, zibaki angalau milimita 4 kila upande, udongo mwekundu wa huku ukiloa ukakwama hapo unakula rangi yote.

Hesabu sizipendi, hamna njia ya kuona kwa macho?

Ipo na ni nzuri. Mmarekani mmoja anaitwa Frank Berto alipima matairi mengi akaja na kanuni kwamba tairi libonyee asilimia 15 ya kimo chake ukiwa umekaa juu. Simama karibu na ukuta, mwambie mwenzio apime kwa rula kutoka sakafuni mpaka ukingo wa rimu baiskeli ikiwa tupu, alafu panda ukae kama unavyoendesha, mikono kwenye hendo, apime tena palepale. Tofauti kwa tairi la 28 iwe kama milimita 4, kwa la 32 kama milimita 5. Imebonyea 2 tu, umejaza sana, imefika 8, ongeza. Pima mbele na nyuma kila moja peke yake. Mimi njia hii nawafundisha sana vijana wasio na geji na haijawahi kuniangusha.

Nitajuaje nimekosea nikiwa njiani?

Ukizidisha, mikono inakufa ganzi mapema, baiskeli inaruka pembeni ukipita kwenye vikokoto wakati unageuka, na ukisimama kupanda kilima gurudumu la nyuma linateleza. Ukipunguza sana, kwenye kona unahisi nyuma inachelewa kukufuata kama inaogelea, na kwenye mashimo unasikia rimu inagonga, ko. Ile ko ukiisikia mara moja kwenye shimo baya sana vumilia, ukiisikia kila siku ongeza upepo.

## Pampu, geji na mafundi

Kidole gumba hakitoshi? Mzee wangu alipimia kidole maisha yake yote.

Kwa tairi la Phoenix kilitosha, nitalifikia chini huko. Kwa tairi la resi kidole hakitofautishi psi 60 na 90, yote mawili ni magumu, na hiyo tofauti ya 30 ndo safari nzima. Pampu ya kusimama chini yenye geji ndo kitu cha kwanza cha kununua kabla ya kofia nzuri na jezi. Hata kama geji yake inasoma vibaya, ilimradi inasoma vibaya vilevile kila siku, namba yako utaipata kwa hiyohiyo, tatizo linakuja ukianza kuazima pampu za watu watatu tofauti.

Naweza kujaza kwa kompresa ya sheli au ya fundi pancha?

Unaweza kwa tahadhari kubwa. Kompresa inasukuma hewa nyingi kwa haraka, tairi la gari linaimeza taratibu lakini tyubu ya baiskeli ni ndogo, sekunde mbili tatu umeshapita. Kama valvu yako ni Presta, ile nyembamba ndefu, utahitaji kiadapta cha kuigeuza iwe kama ya gari, kinauzwa bei ndogo tu, tembea nacho mfukoni.

Mimi nilimwachia fundi mmoja wa pancha tairi la 32 lenye kikomo cha psi 75, akajaza kwa kusikilizia mlio na kubonyeza kwa mkono, nikamshukuru nikaegesha sokoni juani nikaenda kununua samaki, saa saba mchana nikasikia mlipuko watu wote wakageuka, tairi limetoka kwenye rimu na tyubu imechanika urefu wa kiganja. Simlaumu, yeye kila siku anajaza matairi ya bodaboda na ya kirikuu, hakuna aliyemwambia. Toka siku hiyo nasimama pembeni na geji yangu mwenyewe.

Nikichomoa pampu inalia psss, si upepo unatoka?

Huo ni upepo wa kwenye mpira wa pampu, sio wa tairi. Valvu ya Presta inajifunga yenyewe. Kinachotoa upepo kidogo ni pale unapochomeka, hasa geji ya mkononi, kwa tairi la 25 utapoteza psi kadhaa kila ukipima, kwa la 32 husikii tofauti.

Nijaze kila baada ya siku ngapi?

Tairi la 25 pima kila unapotoka, la 32 mara moja kwa wiki inatosha kama tyubu ni zile nyeusi za kawaida. Tyubu za lateksi zinavuja haraka sana, hizo ni kila siku. Ukijazia kwa vile vimtungi vya gesi njiani, gesi yake inapenya kwenye mpira haraka kuliko hewa, ukifika nyumbani itoe yote ujaze kwa pampu.

## Barabara zetu

Safari ya Mtwara kwenda Lindi niweke ngapi?

Ni zaidi ya kilomita 100, na lami yake ina vipande laini na vipande vyenye viraka na mikwaruzo, na malori ya saruji na ya korosho yanakusukuma pembeni kabisa ambako ndo kuna kokoto na lami imemeguka. Usipange upepo kwa kile kipande kizuri, panga kwa pale pembeni utakapokimbilia lori likipiga honi. Mimi na 32 naenda 50 na 55, nikiwa na 28 nashuka psi 3 chini ya zile namba za mwanzo. Baada ya kilomita 70 mabega yako yatakwambia kama ulichagua vizuri.

Ukiunganisha kwenda Dar kupitia Kilwa kumbuka mvua zinavyoiharibu ile njia, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya ilikatika kabisa. Kwa safari hiyo mimi siendi na chini ya 32.

Njia za vumbi na changarawe je? Na mchanga wa Msimbati?

Vumbi lililoshindiliwa, shusha asilimia 10 kutoka namba yako ya lami. Changarawe ya kuchonga, hapohapo, usishuke zaidi kama tairi ni 28 maana mawe yatakufikia rimu.

Mchanga ni jambo jingine. Mchanga mzito kama wa kuelekea ufukweni Msimbati hauhitaji tu upepo mdogo, unahitaji upana, tairi la 32 hata ukiliweka psi 35 litazama na utakuwa unasukuma baiskeli. Ukiwa na 40 na kuendelea shusha mpaka 25 hivi na litaelea pale mchanga ulipo haba. Ukirudi kwenye lami jaza kabla hujaongeza mwendo, usijipe moyo kwamba utafika hivyohivyo.

Mvua ikinyesha nishushe?

Kidogo, psi 3 mpaka 5, tairi lipate kushika. Lile wazo la kwamba baiskeli inaweza kuelea juu ya maji kama gari liondoe, matairi yetu ni membamba mno kwa hilo. Kinachoangusha watu masika ni mafuta yaliyopanda juu ya lami mvua ikianza na matope ya udongo mwekundu kwenye makutano, hapo punguza mwendo.

Jua la huku linaongeza presha?

Linaongeza. Ukijaza psi 60 asubuhi nyuzi 25, tairi likafika nyuzi 50 mchana, litakuwa na kama 66. Kwa tairi uliloliacha mbali na kikomo hakuna shida, kwa lile lililojazwa mpaka mwisho ndo yanatokea ya sokoni niliyosimulia juu kwenye swali la kompresa. Egesha kivulini, mkorosho upo kila mahali. Na wenye breki za kubana rimu mkishuka kutoka juu kule Newala msibane mfululizo, bana achia bana achia, rimu inapata moto na moto unaenda kwenye tyubu.

Kimo chenyewe cha Newala hakibadilishi kitu, haifiki hata psi 2.

## Ya pembeni

Napata pancha zenye matundu mawili yanayotazamana, ni miiba gani hiyo?

Sio miiba. Hiyo ni tyubu imebanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, inaacha alama kama meno ya nyoka. Ongeza psi 5 nyuma, na kama uko kwenye 25 na kilo 85 basi suluhisho lako ni tairi pana zaidi, sio upepo zaidi.

Na miiba yenyewe, mbigili, upepo mwingi unasaidia?

Hausaidii, tairi gumu linaubonyeza mwiba uingie wakati lile lililolegea kidogo linaweza kuuzunguka. Tofauti ni ndogo lakini. Kinachosaidia ni tairi lenye ukanda wa kinga ndani, na kuligeuza tairi kila ukifika nyumbani ukichomoa vijiba kabla havijapenya.

Nimepata rimu zisizo na ule mdomo wa kushikilia tairi, kuna masharti?

Yapo na ni ya maisha yako. Rimu ambazo kuta zake za ndani zimenyooka, hazina ndoano, kikomo chake ni bar 5 yaani psi 72.5, hata kama tairi limeandikwa zaidi. Na tairi lazima liwe limeandikwa kwamba linaruhusiwa kwenye rimu hizo. Mtu mzito asiende na tairi la 25 kwenye rimu hizi, namba atakayoihitaji imeshavuka kikomo. Kama hujui rimu yako ni ya aina gani pitisha ukucha kwa ndani kwenye ukingo, ukikwama kuna ndoano.

Kwa waliotoa tyubu na kuweka dawa ya kuziba, unaweza kushuka psi 3 mpaka 5 chini ya namba zangu kwa sababu hakuna tyubu ya kubanwa. Dawa inakauka mapema kwa joto letu, ifungue uangalie kila baada ya miezi miwili.

Nikibeba mzigo kwenye keria?

Mzigo wote unaenda nyuma, kwa hiyo ongeza nyuma tu. Kilo 10 za mzigo kwenye tairi la 32, ongeza psi 10 nyuma, na uhakikishe bado uko chini ya kikomo. Mbele acha ilivyo.

Hizi kanuni zinafaa kwa Phoenix ya babu?

Mjomba wangu anabebea samaki na ile ya kwake kutoka Mikindani na huwa ananiuliza hivihivi. Kanuni ya kubonyea asilimia 15 inafaa, namba zangu hazifai. Tairi lake ni pana na mizigo inabadilika kila siku, alafu valvu yake ni Dunlop, ile yenye kampira kadogo ndani, hako kampira kanazuia hewa kurudi kwa hiyo geji ya kawaida haisomi kilichomo. Huko ndo kidole na jicho vinafanya kazi kweli, panda na mzigo wako, mwenzio aangalie tairi la nyuma, libonyee kidogo lakini lisitandaze.

Baiskeli ya mtumba ina matairi mapana mazuri ila ubavu una mipasuko midogomidogo, niweke ngapi?

Mpira umekauka kwa umri, hata kama kashata zake bado ndefu. Ukiona nyuzi zinachungulia litoe kabisa. Kama ni mistari ya juujuu tu kaa kwenye namba zangu za kuanzia au chini kidogo na usikaribie kikomo kilichoandikwa, kile kiliandikwa tairi likiwa jipya.

Napeleka baiskeli Dar kwa ndege, nitoe upepo wote?

Kwa upande wa tairi hakuna haja, hata nje kungekuwa hakuna hewa kabisa tofauti ingeongezeka psi 14.7 tu na tairi lenye 55 linaistahimili. Ila wa pale kwenye mizigo wakikwambia toa, toa nusu, bakisha kidogo rimu zisipigwe, na pampu iingie kwenye begi.